Mwaka Bi Nasra Alipoapa

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye dua ya Bi Nasra. Wiki mbili kabla yake alikuwa ameapishwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani, na rafiki zake wa Pemba wakasema haiwezekani aanze kazi nzito namna ile bila ya kuja kusomewa. Walitandika mikeka kutoka ukumbini hadi uani, wanaume mbele, sisi wanawake nyuma, na baada ya Yasini akasimama kijana mmoja wa ofisini kwake, kanzu yake imepigwa pasi vizuri, akasoma wasifu wake. Alitaja skuli alizosoma, akataja chuo kikuu, kisha vyeo vyake kimoja baada ya kimoja: hakimu wa wilaya, hakimu wa mkoa, mrajis, Jaji wa Mahakama Kuu, na sasa Rufani, mahakama ambayo ukishindwa hapo huna tena pa kwenda ila kwa Mwenyezi Mungu. Pemba ilipata sentensi moja tu. "Pia aliwahi kufanya kazi kisiwani Pemba," akasema yule kijana, akageuza ukurasa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa jiko, sinia la tende mapajani, nikamtazama Bi Nasra kule mbele, alikokalishwa kama mwenye shughuli. Alikuwa ameinamisha kichwa. Sijui alikuwa akifikiri nini. Mimi nilikuwa naufikiria mwaka mmoja uliomo ndani ya sentensi ile, mwaka niliokuwa na umri wa miaka ishirini na mbili. Mpaka leo mtu akiniuliza nilijifunza wapi kazi yangu ya ukarani, namtajia mwaka huo, ingawa vyeti vyangu vinasema mengine.

Mahakama yetu siku zile ilikuwa nyumba ya vyumba vitatu na baraza ndefu mbele. Chumba kikubwa ndicho cha kusikilizia kesi, chenye mabenchi sita na meza ya hakimu iliyoinuliwa juu ya jukwaa la mbao. Cha pili kilikuwa masijala, mafaili yamepangwa mpaka kwenye dari, na humo alikaa Mzee Hamad, karani mkuu, mtu mpole aliyekwisha kuwatumikia mahakimu wengi kiasi cha kuwachanganya majina. Cha tatu ni ofisi ya hakimu, iliyotengwa na masijala kwa ukuta wa mbao nyembamba, hata mtu akipiga chafya upande huu, wa upande wa pili humwombea rehema. Mimi nilikuwa karani wa muda. Asubuhi nilisimama mahakamani kuwaapisha mashahidi, mchana nilikaa masijala kupiga chapa kwa taipureta ambayo herufi yake ya "k" ilikuwa haishiki vizuri mpaka uigonge mara mbili. Ulikuwa mwaka wa karafuu nyingi. Kila penye uwazi watu walianika, hata pembeni mwa baraza letu, na harufu yake iliingia kwenye karatasi, ikakaa.

Bi Nasra aliletwa kwetu mwanzoni mwa mwaka huo kutoka Unguja. Alikuwa na miaka thelathini na kidogo, mrefu, sauti yake ya chini, buibui lake halina hata mkunjo. Watu walikuja kumtizama kama wanavyokuja kutizama gari jipya, maana hakimu mwanamke hatujawahi kumpata. Wiki ya pili tu sifa zilikwisha kuenea kwamba hana mchezo na kwamba anafahamu. Tulijua pia, kwa sababu mambo ya ofisini hayafichiki, kwamba jina lake limeshapelekwa juu kwa ajili ya cheo cha mkoa. Pemba alikuja kupita. Mwenyewe hakulisema hilo hata siku moja, lakini kwenye vyumba viwili alivyokodi nyuma ya msikiti aliacha masanduku yake mawili ya nguo hajayafungua mpaka chini, nami niliyaona, kwa sababu mara nyingi mchana alinichukua twende tukale pamoja. Hakupenda kula peke yake. Tulikaa chini, sahani moja kati yetu, mara wali na mchuzi wa pweza, mara shelisheli la kuchoma kwa samaki mkavu, na yeye akiniuliza maneno ya Kipemba. Nikisema neno alilirudia kwa lafudhi yake ya mjini mpaka nikacheka, naye akacheka. "Nifunze vizuri, Raya," alikuwa akisema. "Mtu akija mbele yangu nataka nimfahamu alivyosema yeye, si nilivyozoea mimi."

Kesi ya Faki ilisikilizwa miezi michache baadaye. Faki alikuwa mvuvi wa Kojani, kijana wa kiasi cha miaka thelathini, mnene wa mabega, asiyejua aiweke wapi mikono yake akiwa kizimbani. Alishitakiwa kwamba aliiba mashine ya boti na kumpiga mlinzi wa ghala hadi akavunjika mkono. Mlinzi alisema alimtambua kwa umbo na kwa sauti, na kwamba ilikuwa Alhamisi usiku, baada ya isha. Faki hakuwa na wakili. Alisema hakuwapo, akaleta shahidi mmoja, Mwalimu Shaame, mzee anayesomesha chuo cha Kurani na ambaye mkono wake wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Mimi ndiye niliyemshikisha Msahafu akaapa. Nilikuwa nimesimama naye kiasi cha hatua mbili.

Siku ile Bi Nasra alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa ya huruma. Watu wa Kojani hawana njia ya kurudi kwao ila kwa chombo, na maji yalikuwa yanapwa. Wakichelewa, ingebidi wateremke mbali wavuke kwenye matope, na miongoni mwao walikuwapo wazee. Alikwisha kuniambia asubuhi tuwamalize wao kwanza. Kwa hiyo alikuwa akiandika mbio mbio, kalamu haiinuki. Mwalimu Shaame akasema, na maneno yake nayakumbuka kama yalivyo: "Usiku wa Ijumaa Faki kaja kwangu baada ya isha. Tulikuwa tunashona jarife langu, limeraruliwa na papa. Hakuondoka mpaka macho yakanishinda." Mwendesha mashtaka alisimama, akasema hana swali. Mwalimu akashuka, watu wa Kojani wakatoka wote kwa pamoja kuwahi chombo chao.

Kwetu sisi siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, yaani Alhamisi ikishakuchwa. Hilo analijua kila mtu, na Bi Nasra alilijua kama tulivyolijua sisi. Lakini mtu akisema "Ijumaa usiku", hapo anasema jambo jingine, anasema Ijumaa yenyewe imeshakwisha. Mwalimu Shaame alisema usiku wa Ijumaa. Kalamu ya Bi Nasra, katika ile haraka, iliandika Ijumaa usiku.

Wiki tatu baadaye, alipokaa kuandika hukumu, sauti ya yule mzee ilikwisha kumtoka kichwani na alichobaki nacho ni karatasi zake. Alisoma hukumu mbele ya watu kwa sauti yake ile ya chini. Alisema shahidi wa utetezi hakumsaidia mshitakiwa, kwa kuwa anazungumzia Ijumaa usiku ilhali tukio ni la Alhamisi usiku. Faki akainua mkono, kama mtoto wa skuli. "Mheshimiwa," akasema, "Mwalimu hakusema hivyo." Bi Nasra alimtazama kwa upole, akamwambia hukumu imekwisha kutolewa, asiporidhika anayo haki ya kukata rufaa. Kisha akampa miaka mitatu. Nyuma, kwenye benchi la mwisho, alikuwapo babake Faki, Mzee Kombo. Alikaa pale hata watu walipokwisha kutoka, mpaka Mzee Hamad akaenda kumwinua kwa kumshika kwapa.

Rufaa ilikatwa. Ndugu zake walimtafuta mtu wa kuwaandikia, na mimi nikapewa kazi ya kupiga chapa mwenendo wote wa kesi ili upelekwe Mahakama Kuu. Nilikuwa masijala peke yangu, Mzee Hamad amekwenda kusali adhuhuri. Nilipofika kwenye ushahidi wa Mwalimu Shaame vidole vikasimama. Nilisoma mstari ule mara ya kwanza, nikausoma mara ya pili. Nilimsikia mzee akilini mwangu, mkono unatetemeka, usiku wa Ijumaa kaja kwangu, na nilimwona Faki na mkono wake hewani. Nilijua. Nisijidanganye hata leo kwamba nilishuku tu; nilijua, kama ninavyojua jina langu. Lakini Mzee Hamad alikuwa amenifunza tangu siku ya kwanza kwamba mpiga chapa hupiga kilichoandikwa, hata akikuta hakimu amekosea herufi. Halafu yule aliyeandika si mtu baki, ni Bi Nasra, ambaye jana yake tulikula sahani moja. Na mimi ni karani wa muda, sijathibitishwa kazini. Nikapiga Ijumaa usiku. Naikumbuka ile "k" nilivyoigonga mara mbili. Bi Nasra akatia saini kwamba nakala ni sahihi, bahasha ikafungwa, ikenda zake Unguja.

Wiki zilipita. Niliendelea kula naye, na kila nikinawa mikono niliazimia kwamba leo nitamwambia, na kila siku kulikuwa na sababu ya kutosema. Mara ana homa, mara ana mgeni. Mara nyingine alikuwa na furaha tu, kapata barua kutoka kwao, na sikutaka kumharibia. Nilijiambia pia kwamba rufaa si ipo, wakubwa wataliona wenyewe. Sikuwa nimefahamu bado kwamba wakubwa hawawezi kuona kisichoandikwa.

Asubuhi moja ya Jumatatu nilikuwa nafagia mlango wa masijala, na barazani walikaa wanawake wawili wakingoja shauri lao la shamba. Sikuwa nawasikiliza. Mmoja akamwambia mwenzake, "Yule babake Faki wa Kojani, yule mwenye nkongojo, kafa."

"Inna lillahi. Lini?"

"Jumamosi. Keshazikwa. Na mwanawe yuko ndani, hata hakunyanyua jeneza."

"Walikwenda kumwombea atoke?"

"Wamwombee kwa nani?"

Niliuweka ufagio chini. Sikumwuliza mtu, wala sikungoja nipate ujasiri, kwa sababu sikuupata. Niligonga mlango wa Bi Nasra. Alikuwa anakunywa chai ya rangi, kipande cha mkate wa boflo mkononi.

"Mheshimiwa, nina neno."

"Kaa, Raya. Mbona umekuwa hivyo?"

Sikukaa. Nikamwambia yote, kifo cha Mzee Kombo, Mwalimu alivyosema na karatasi inavyosema. Aliweka boflo kwenye kisahani, akaenda kwenye kabati, akalitoa faili lake, akatafuta ukurasa, akauwekea kidole.

"Una hakika?"

"Mimi ndiye niliyemwapisha. Nilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote."

"Umejua lini?"

Ningeweza kusema jana. Ningeweza kusema sasa hivi, nilipowasikia wale wanawake nikakumbuka. Alikuwa ananitazama usoni. "Nilipokuwa napiga chapa," nikasema.

Alihesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza kidogo. "Wiki sita."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Wiki sita zilizopita babake alikuwa hai." Hakupandisha sauti. "Ningeweza kumpa dhamana akingojea rufaa. Siku ile ile. Angemzika babake, Raya."

Akaniambia nitoke, nifunge mlango.

Siku mbili zilizofuata hakuniita. Kesi alisikiliza kama kawaida, lakini mchana alikaa ofisini na vitabu vyake, na mimi nilikula muhogo wangu masijala, nikidhani anatafuta sheria inasema nini. Jumatano Mzee Hamad, ambaye ya Jumatatu aliyasikia kupitia ule ukuta wa mbao, aliingia kwake, na mimi nami ukuta haukunificha kitu.

"Mheshimiwa, mimi ni mtu mzima, niruhusu niseme," alisema Mzee Hamad. "Rufaa ipo. Ikimtoa, imemtoa. Jina lako liko juu sasa hivi. Ukiandika barua ya namna hiyo hawatasoma kwamba umesema kweli, watasoma kwamba umekosea."

"Rufaa itasoma nini, Mzee Hamad?"

"Itasoma mwenendo wa kesi."

"Nani kauandika?"

Nilisikia kiti cha Mzee Hamad kikilia.

"Jaji wa rufaa hatamsikia Mwalimu Shaame," akasema Bi Nasra. "Atanisikia mimi. Na mimi nimemwambia uongo."

"Hukukusudia."

"Faki naye hakukusudia kufungwa."

Alhamisi asubuhi akaniita. Nilimkuta uso umemvimba kidogo chini ya macho, kama mtu aliyelala vibaya. Akaniambia nilete taipureta ofisini kwake, nitie karatasi. Akasimama dirishani, akanisomea kiapo chake, maneno mafupi mafupi, akisimama ili niyawahi. Kwamba yeye ndiye hakimu aliyesikiliza kesi. Kwamba kwa haraka aliandika sivyo alivyosema shahidi. Kwamba hukumu yake iliegemea kosa hilo, na kwamba mshitakiwa alimkumbusha mahakamani naye hakumsikiliza. Hilo la mwisho hakuna aliyemlazimisha aliseme. Kuliandika kulinipa tabu, nikamtazama, akasema, "Piga."

Kilipokwisha akasema, "Sasa chako."

"Changu, Mheshimiwa?"

"Wewe ndiye shahidi. Bila ya wewe, ni neno langu dhidi ya maandishi yangu mwenyewe." Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, mara hii kama tulivyokuwa tukikaa kula. "Andika ulichokisikia. Kisha andika ulijua lini."

"Nikiandika hivyo nitafukuzwa."

"Huenda."

"Si lazima kusema lini. Inatosha kusema nilisikia."

"Raya," akasema, "ukiapa, unaapa kusema yote. Mtu anayesoma kiapo chako na hajui umengoja wiki sita hajui kitu kuhusu kiapo chako." Nikaandika. Machozi yaliniteremka yakadondoka kwenye karatasi, akaniambia nitie nyingine, nianze upya, kwa sababu hati ya mahakama haipelekwi ikiwa chafu. Mchana huo huo tukapanda gari kwenda mji wa pili, tukaapa mbele ya hakimu mwenzake, na kabla ya jua kutua alikuwa amekwisha kutia saini amri ya dhamana.

Mahakama Kuu ilimwachia Faki huru. Kwa jumla, tangu kukamatwa mpaka dhamana, alikaa ndani ya Chuo cha Mafunzo, kama jela inavyoitwa kwetu, karibu miezi sita. Hukumu ya rufaa ilipokuja niliifungua mimi, kwa kuwa barua zote zilipitia kwangu. Jaji alimsifu hakimu kwa ukweli wake kwa mstari mmoja, kisha akamkemea kurasa mbili nzima. Bi Nasra aliisoma amesimama, akaniambia niitie kwenye faili na nakala yake niipeleke kwa mshitakiwa. Mwezi uliofuata orodha ya mahakimu wapya wa mkoa ikatoka, na jina lake halimo. Mimi nilipata barua ya onyo, na kuthibitishwa kwangu kukasogezwa mbele mwaka mzima. Mzee Hamad alizisoma zote mbili, orodha na barua, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu muda mrefu. Hakusema kwamba alituambia.

Baada ya hapo Bi Nasra alitaka kwenda Kojani. Mzee Hamad alisema haifai, hakimu haendi nyumbani kwa aliyemhukumu. Yeye akajibu kwamba kesi imekwisha na ataenda Jumamosi, siku ambayo yeye si hakimu. Tulivuka asubuhi, yeye na mimi, na watu waliomo chomboni walijua sisi ni nani, kwa hiyo hakuna aliyezungumza. Kojani nyumba zimesongamana, unapita ubavu ubavu, na kila ulipopita ulisikia mazungumzo yakikatika ndani. Mamake Faki, Bi Mize, alitupokea mlangoni. Alikuwa bado kwenye eda, amejitanda nguo nyeupe, akatukaribisha ndani kwa maneno yote ya heshima kama vile tumetoka kwa ndugu. Kulikuwa na kitanda cha kamba kilichotolewa godoro, kimesimamishwa ukutani. Nilifahamu kilikuwa cha nani.

Faki alikuja akakaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje. Alikuwa amekonda. Bi Nasra hakuzunguka. "Nimekuja kukuomba radhi," akasema. "Niliandika sivyo, na uliponambia sikukusikiliza."

Faki alikuwa akitazama chini, anachokonoa ukoko wa kidonda kidoleni. "Ulichofanya baadaye nimekisikia, Bi Hakimu," akasema. "Watu wameniambia wapo wasingefanya. Kukusamehe nimekusamehe. Ila usiniambie yamekwisha." Kisha akaongeza taratibu, "Nilipotoka, kaburi la baba nilioneshwa. Mimi mwanawe, naoneshwa kaburi na majirani."

Bi Nasra alifumba macho. Mimi nikaona nami lazima niseme, nikasema kwamba nilijua kabla babake hajafa. Faki aliinua macho akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Siku ile nilipoinua mkono," akauliza, "ulikuwa ushajua?"

"Siku ile nilishuku. Nilijua baadaye."

Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa alichouliza, na hakunisemesha tena, siku ile wala miaka iliyofuata, kila tulipokutana sokoni au gatini. Hanichukii, nadhani. Hana la kuniambia tu. Bi Mize akaingia na sinia, muhogo wa nazi na samaki wa kukaanga, akatukatia vipande vikubwa vya nofu upande wetu. "Kuleni upesi," akasema, "maji yakipwa mtapata tabu kuvuka." Bi Nasra alikula. Nilimwona anavyomeza kwa shida, lakini alikula mpaka Bi Mize akaridhika.

Alikaa nasi miaka minne mingine. Yale masanduku yake aliyafungua, akanunua kabati la nguo. Mahakamani alianza mtindo ambao mawakili waliuchukia: shahidi akimaliza, haruhusiwi kushuka mpaka asomewe alichoandikiwa, mstari kwa mstari, na Bi Nasra anauliza, "Ndivyo ulivyosema?" Wazee wengine walichukizwa, wakidhani hawaaminiwi. Kesi zilizochukua asubuhi moja zikachukua siku mbili. Malalamiko yalipelekwa, akaandikiwa, akajibu, akaendelea. Cheo cha mkoa kilipokuja, kilikuja wakati watu wameshaacha kukitaja. Ujaji niliusikia redioni nikiwa napika. Uteuzi wa Rufani nilitumiwa na mwanangu kwenye simu, picha ya Bi Nasra mbele ya Rais, mkono juu ya Msahafu. Amezeeka. Miwani mizito, uso umejaa. Niliitazama picha ile nikajiuliza wangapi miongoni mwa waliosimama nyuma yake pale Ikulu wanajua kwamba hukumu yake ya mwanzo iliyofika mbali ilifika ikavunjwa, na mvunjaji mkubwa alikuwa ni yeye mwenyewe.

Siku ile ya dua, watu walipokwisha kula na kuanza kuaga, alinifuata jikoni. Alinikuta napangusa masinia. Wale wasichana waliokuwa wakiosha vyombo walipomwona wakatoka kwa adabu, tukabaki wawili. Akavuta kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akakaa juu yake, jaji mzima, kama tulivyokuwa tukikaa zamani.

"Raya, nina jambo nimekaa nalo," akasema. "Nilitaka kukuambia kabla sijaapishwa, nikashindwa kulisema kwenye simu."

Nikaweka kitambaa chini.

"Ulikuja kwangu Jumatatu. Mimi niliandika Alhamisi."

"Ulikuwa unatafuta sheria."

"Sheria niliijua Jumatatu ile ile, kabla chai haijapoa." Alivua miwani, akaishika mapajani. "Zile siku nilikuwa natafuta njia ya kutoandika. Jumanne niliandika barua ya kuomba uhamisho, niondoke kabla rufaa haijasikilizwa. Niliichana Jumatano, Mzee Hamad alipoingia akanishauri nililokuwa nalitaka. Nilipolisikia likisemwa na mtu mwingine nikaona lilivyo. Basi. Ndiyo maana nilimjibu vile. Wewe ulikuwa unanisikia nyuma ya ukuta, ukadhani najibu kwa ushujaa."

Nilidhani hivyo. Miaka yote nilidhani hivyo, na nimewahadithia hivyo makarani wote niliowafunza.

"Kwenye kiapo changu sikuzitia siku hizo tatu," akasema. "Wewe nilikukalia kitako mpaka ukaandika wiki zako sita. Ukalia, nikakuambia ubadilishe karatasi. Na mimi zangu nikaziacha."

"Siku tatu si wiki sita, Bi Nasra."

"Aliyekuwa ndani hakuzihesabu hivyo."

Nikamwuliza kama Faki anajua. Akasema alimwandikia barua mwaka alipopewa ujaji wa Mahakama Kuu, na Faki hakujibu, ila Bi Mize, Mungu amrehemu, alimpelekea salamu na kikapu cha samaki mkavu. "Uliyebaki ni wewe," akasema.

Mle jikoni mlikuwa na joto, na nje nilisikia kijana wa ofisini akiuliza Mheshimiwa yuko wapi, gari limeshawashwa. Nilitaka kumwambia nimemsamehe, lakini neno hilo lilikuwa dogo, na halafu sikuwa na hakika kama ni mimi wa kulitoa. Nilichomwuliza ni kama anakusudia kukaa na majaji wawili wenzake kule Rufani, wasome karatasi za maneno ambayo hawakumsikia aliyeyasema.

"Nakusudia," akasema. "Ndiyo kazi yenyewe."

"Na utajuaje kama waliandika alivyosema?"

Alifikiri. Hakuharakisha jibu, ingawa walikuwa wanamwita. "Sitajua, Raya," akasema. "Nitasoma polepole."

Akanyoosha mkono, nikamwinua.